Mtoto Analia, Mie Nanyimwa Maharage

Nyumbani kwangu Isevya, Tabora, chakula halali kimebaki ugali wa dona, mchicha usiotiwa karanga, na maji ya moto. Ya baridi yamepigwa marufuku. Maharage yalitangulia kuondoka, kabichi ikayafuata, zikaja karanga, mayai, maembe, dagaa, maziwa, na juzi imetolewa pilipili, ambayo humu ndani nilikuwa naila mimi peke yangu. Yote haya kwa ajili ya bwana mmoja asiye na jino hata moja. Kila siku ikifika saa kumi na mbili jioni, bwana huyo hukunja miguu, hukaza ngumi, hufumba macho, kisha hulia kwa pumzi ambayo sijui huitoa wapi, maana kifua chenyewe hakijazi kiganja changu. Hulia mpaka saa tatu. Akimaliza hutulia, akatazama dari, nasi tukabaki kutazamana.

Nimempachika jina la Kirangozi. Enzi za misafara kirangozi ndiye aliyetangulia mbele, manyoya kichwani, bendera mkononi; yeye akisimama, mamia ya watu na mizigo yao husimama. Wetu ana kofia ya uzi tu. Ila akianza kulia nyumba nzima husimama, na sufuria huepuliwa jikoni ikaguliwe.

Kwake sina kinyongo. Kinyongo changu ni kwa baraza lililokaa kumjadili, na baraza hilo nisingekuwa nalo kama ningezaliwa kijiji cha pembeni kisichopitwa na mtu. Tabora ni njia panda. Ilikuwa hivyo Burton na Speke walipoingia Novemba 1857, mji bado unaitwa Kazeh. Ikawa hivyo tena reli ilipofika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likatokea hapa hapa mwaka 1928. Watu wa historia wanasema njia hiyo ilipitisha pembe, chumvi ya Uvinza, shanga, merikani, na kwa aibu yetu sote, binadamu waliofungwa minyororo. Hawasemi kwamba ilipitisha miiko. Waje kwangu wahesabu. Kila stesheni imeleta wake.

Mama mkwe ametoka Ujiji. Alishuka kwenye treni na dumu la mawese, migebuka mikavu, na hukumu aliyokuwa amekwisha kuiandika njiani. Kabla sijamaliza kusema shikamoo aliniuliza, "Baba, huyu binti yangu mnampa maziwa ya ng'ombe?" Nikasema ndiyo mama, na karanga pia, ili apate nguvu. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Nyie watu wa huku mmezidi maziwa. Ndiyo yanayomsokota mume wangu tumbo." Mume wake ni Kirangozi, bibi na mjukuu, ndiyo utani wenyewe. Basi maziwa yakatoka, karanga zikatoka.

Shangazi yangu, Mnyamwezi wa Sikonge, akaja kesho yake. Akanusa jikoni. "Migebuka hii ndiyo tatizo. Shombo inaingia kwenye ziwa, mtoto anainyonya." Dagaa wakatoka na migebuka ikatoka. Akaagiza arudishiwe mzazi maziwa mgando na michembe. Mama mkwe akaguna.

Jirani wa kulia kwetu ni mwenyeji wa Dodoma. Yeye ana kesi na maharage na kabichi, kwa sababu ya gesi. Jirani wa kushoto alilelewa Bagamoyo. Huyo anapika uji wa pilipili manga mzuri sana, lakini haamini maji ya baridi, haamini embe wala kitu chochote chachu, na mayai anayasingizia mambo nisiyoweza kuyaandika hapa. Nani alitoa pilipili sijui. Nilirudi kazini nikaikuta imekwenda.

Nimekaa nikawaangalia hawa mama zangu nikagundua jambo moja. Hakuna hata mmoja aliyepiga marufuku chakula cha kwao. Mtu wa Ujiji hajasema neno baya kuhusu mawese. Mtu wa Sikonge anayaona maziwa kuwa dawa. Kila mmoja ameshika kiboko na kusimama kwenye chungu cha mwenzake. Ukiwatii wote kwa pamoja, mzazi atakula upepo wa reli.

Mtu atasema, wewe mwanamume unalia nini, si unywe supu mjini? Huyo hajui bei ya supu mjini. Tena nyumba yetu ina sufuria moja kubwa na ndogo moja, na ndogo imetekwa kwa ajili ya maji ya kumkandia mzazi. Anachonyimwa mke wangu nanyimwa na mimi, na sasa ni msimu wa embe. Tabora! Miembe iliyotapakaa mji huu na njia nzima mpaka Ujiji ni mbegu za watu wa misafara kutoka pwani, yaani mtu alibeba embe kutoka pwani kwa miguu, akalila, akatupa kokwa, likaota, likawa mti, ukazaa, embe likaanguka kwenye bati langu usiku, na asubuhi naambiwa nisiliingize ndani kwa sababu mke wangu ataliona.

Lakini mwenye shida ya kweli ni yeye, na hilo ndilo linalonifanya nigeuze malalamiko kuwa hasira. Mama anayenyonyesha anahitaji nishati ya ziada ya kilokalori kama 500 kwa siku. Kwa lugha ya jikoni ni sahani ya ugali na mboga juu ya zile alizokuwa akila. Badala ya kumwongeza sahani, baraza limekuwa likimpunguzia, kwa sauti ya upole, na kumpongeza akinyamaza. Mtoto ananenepa. Mama anakonda. Kisha wanauliza mbona mzazi anasinzia mchana.

Tulipompeleka Kirangozi kliniki kupimwa uzito, nikamweleza muuguzi kila kitu. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka, na nadhani kesi yangu alishaisikia asubuhi hiyo hiyo kwa watu wengine. Aliangalia kadi, akaona mstari unapanda vizuri, akaniuliza, "Baba, gesi ya maharage inatokea njia gani?" Nikaona haya kujibu mbele ya kina mama. Akasema, "Hiyo hiyo unayoijua. Haipandi kwenye ziwa." Kisha akafafanua: gesi hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wa yule aliyekula, kwa sababu ndani ya maharage mna sukari ambayo tumbo la binadamu haliimudu. Inaishia huko huko. Maziwa yanatengenezwa kutokana na yanayosafiri kwenye damu, na kabichi haisafiri kwenye damu ikiwa kabichi.

Kuhusu kilio, akasema watoto wengi huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi karibu na wiki ya sita, na hupungua wenyewe mwezi wa tatu au wa nne, mama ale maharage asile. Jioni ndiyo saa yao. Sababu hasa madaktari wenyewe bado wanabishania. Nilipofuatilia nikakuta kwamba daktari mmoja wa Marekani, Wessel, ndiye aliyeweka kipimo mwaka 1954: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Tatu, tatu, tatu. Na sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya uzazi ya siku ngapi? Tatu. Tena zitumike ndani ya wiki ya kwanza, wakati mtoto analala tu na baba hana la kufanya zaidi ya kupokea wageni na kutafuta sukari. Ukelele unapoanza rasmi, wewe umesharudi kwenye dawati, unapiga mihayo mbele ya bosi. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa na watoto, nina hakika, ila hakuwa nyumbani.

Muuguzi hakuishia hapo, na kwa hili alinigharimu. Alisema lipo jambo moja la kweli. Protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama huweza kupenya kidogo ikafika kwenye maziwa yake, na wapo watoto wachache, hata mmoja katika mia hafiki, ambao miili yao huikataa. Hao huwajui kwa kilio peke yake. Utaona michirizi ya damu au utelezi kwenye choo, au ngozi yenye ukurutu usioisha, au kutapika kulikopita kucheua kwa kawaida, au uzito unaogoma. Ukiyaona hayo mlete hospitali. Mama ataachishwa maziwa ya ng'ombe na vyote vyenye maziwa kwa wiki mbili hadi nne, kisha atarudishiwa ili ijulikane kama kweli ndiyo yenyewe. Kukimbilia maziwa ya mbuzi hakusaidii, protini zake zinafanana mno. Na kinachotolewa ni hicho kimoja tu kinachoshukiwa, siyo soko zima. Wetu hana dalili hata moja. Ana sauti.

Niliporudi nyumbani nikarudia maneno haya yote kwa uaminifu mbele ya baraza. Mama mkwe alisikia neno moja tu. "Maziwa! Si nilisema?" Dalili, wiki mbili, mmoja katika mia, vyote vilipita juu yake. Akampigia simu dada yake Ujiji kumweleza kwamba hospitali imekubaliana naye. Shangazi akasusa chai.

Lililowaudhi wote kwa pamoja ni habari ya vitunguu saumu. Ladha ya chakula kweli hufika kwenye maziwa, na mwaka 1991 watafiti wa Philadelphia waliwapa akina mama vidonge vya kitunguu saumu wakaona watoto wakikaa kwenye ziwa muda mrefu zaidi, wakifurahia. Nikasema, oneni, huyu anaonja migebuka ya Kigoma na hajalipa nauli, na atakapoanza kula hatashangaa vyakula vyetu. Kwa mara ya kwanza Ujiji na Sikonge walikubaliana: nimesoma sana na kisomo kimenidhuru.

Sasa asali. Hapa naomba nisichekwe, maana nimevunja undugu kwa ajili yake.

Tabora ni mji wa asali. Mizinga ya magome imening'inia kwenye miyombo kuanzia Sikonge mpaka Urambo, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa mjini, na mgeni akiondoka bila chupa ya asali watu hudhani amegombana na wenyeji. Shangazi alikuja na ya nyuki wadogo, ile inayoheshimiwa kama dawa. Jirani wa Bagamoyo akasema mzazi asiiguse, asali ina moto, itachemsha maziwa. Shangazi akasema sawa, basi hatumpi mama, tunamlamba mtoto kidogo ulimini, atatulia. Yaani katika dunia nzima ya vyakula walichagua kumnyima anayeruhusiwa na kumpa asiyeruhusiwa! Mama anaweza kula asali atakavyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiionje kabisa, kwa sababu asali huweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulini, ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu, lakini katika utumbo mchanga huota vikatoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Madaktari wa California walianza kuutambua ugonjwa huo kwa watoto wachanga mwaka 1976. Si kosa la nyuki wetu. Vijimbegu hivyo hukaa kwenye udongo wa dunia yote. Kuipasha asali moto jikoni hakuviui.

Nilimweleza shangazi taratibu. Akanijibu, "Wewe nilikulamba asali mwenyewe, mbona u mzima?" Hoja hiyo haina jibu la heshima. Nikaichukua asali nikaifungia kwenye sanduku la vyeti, ufunguo mfukoni. Ukoo mzima sasa unajua kwamba mimi ni mchoyo wa asali niliyoletewa bure.

Nikaona niende kwenye kahawa, kwa wazee, nipumzishe masikio. Sikujua kwamba nako kuna baraza. Mzee mmoja alisikiliza malalamiko yangu mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti ya kuniua, "Kijana, unalala wapi?" Benchi zima likanyamaza. Anauliza kama nimembemenda mtoto. Kwa wasiojua, na humu nchini ni wachache, ni imani kwamba wazazi wakirudiana mapema wakati mtoto ananyonya, mtoto huharibika. Nikamjibu ukweli mtupu, kwamba nalala sebuleni kwenye mkeka, nikiwa na mguu mmoja chini ya meza, kwa amri ya mama mkwe. Mzee akafikiri, akasema, "Basi ni jicho."

Huenda imani hiyo zamani ilisaidia kuachanisha uzazi, sikatai. Ila leo nimeona inavyofanya kazi: mtoto akikonda, wazazi wanaona haya kumpeleka kliniki, kwa sababu kumpeleka ni sawa na kuungama mbele ya foleni. Mtoto anabaki nyumbani anapigiwa ramli. Hapo ucheshi wangu unakwisha.

Duka la dawa nako hakukunipa nafuu. Muuzaji alinisogezea ile chupa ya maji ya tumbo la mtoto iliyo kwenye kila duka. Dawa ya namna hiyo ilianzishwa Nottingham, Uingereza, na bwana William Woodward mwaka 1851, na kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na pombe ndani. Ndiyo maana mabibi waliisifu kwamba mtoto anatulia; hata mimi ningetulia. Za leo hazina pombe, lakini mtoto wa chini ya miezi sita anatakiwa maziwa ya mama tu, hata maji matupu hapana. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 64 katika kila 100 wa umri huo ndio wanaopata hivyo. Wale 36 waliobaki, ningeambiwa nikisie, wana mashangazi.

Jambo linalonitesa zaidi ni kwamba historia yetu yenyewe inatukana baraza langu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa kwenda Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, hawakwenda peke yao. Wanawake walifuatana nao, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Mama yule alikula nini? Alikula kilichouzwa kijiji alichofikia: leo mtama, kesho kunde, keshokutwa kibaba cha posho ya kitu asichokijua jina. Hakuwa na nafasi ya kusema mimi hii inamletea mtoto gesi. Akipita Ugogo alikula vya Ugogo, akifika pwani alikula samaki. Na watoto wakakua, wakabeba mizigo wao, wakatuzaa sisi tunaoogopa kabichi. Kwa maziwa ya hapa tena msiniambie kitu: Livingstone alipokaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi wa kumpeleka safari yake ya mwisho, aliyageuza kuwa jibini ya njiani, akalalamika tu kwamba ilikuwa chachu kidogo. Mke wangu yuko kilomita chache kutoka kwenye tembe lile na hapewi hata kikombe.

Basi mwezi wa nne ukaingia, na kilio kikaanza kupungua. Kwanza kikaanza saa moja badala ya kumi na mbili. Kisha kikawa cha dakika chache. Jioni moja hakikuja kabisa. Tulikaa sebuleni wote tumesikiliza, na jirani wa kulia akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Mngedhani nimepata amani. Zikaanza kesi za nani amemponya. Mama mkwe anasema ni kuondoa maziwa. Shangazi anasema ni kuondoa migebuka, na kwamba angepona mapema zaidi kama si asali kufungiwa. Dodoma anadai maharage, Bagamoyo anadai uji wake, na mzee wa kahawa ameniita pembeni kunikumbusha habari ya jicho, akaangalia mifuko yangu. Nikiwaambia muuguzi alitabiri mwezi hasa, wananitazama kwa huruma. Kila mmoja anastahili kitenge cha shukrani, hivyo nimeambiwa na mke wangu, na vitenge havinunuliwi kwa hoja.

Mama mkwe ameondoka na treni ya Kigoma, kitenge chake begani. Hatujafika nyumbani kutoka stesheni, mke wangu alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Alipika maharage kwa nazi, akakaanga kabichi, akamenya maembe, akaweka pilipili mezani mbele yangu bila kusema neno, akala sahani mbili huku amefunga macho. Mtoto alinyonya akalala.

Saa nne usiku simu ikalia. Treni imesimama Kaliua.

"Baba, nimesikia mwanangu amekula kabichi." Nani amemwambia, Mungu anajua, bila shaka ukuta wa kulia.

"Amekula, mama."

"Na mume wangu anaendeleaje?"

"Amelala, mama. Usingizi mzito kabisa."

Kukawa kimya, nikasikia abiria wakigombea ndizi dirishani.

"Mwamsheni," akasema, "mumwangalie kama halii."